Chaki Ikiwa Chini

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mama Pazia aliinama. Aliinama mbele ya mtu ambaye aliapa hatamwinamia hadi siku ya kuzikwa: aliyekuwa mkamwana wake, ambaye sasa alifundisha Kiingereza katika masomo ya jioni.

Alifika amevaa gauni lake la ibada, daftari jipya kwapani. Mlango wa darasa ulikuwa wazi, lakini alibisha.

"Hodi."

Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Mkono ulisimama, kisha ukaendelea, ukafuta hata pasipokuwa na maandishi.

"Umepotea njia," alisema bila kugeuka.

"Sijapotea. Tangazo linasema anayetaka kujifunza aje. Nimekuja."

"Kiingereza cha kumsemesha nani, uzeeni?"

Macho ya Mama Pazia yalimsaliti. Yalikwenda moja kwa moja kwenye kona, kwenye mkeka, ambako mtoto wa kike alikuwa amelala kifudifudi akichora kwa kalamu za rangi. Mjukuu wake. Mke mwenzake, kama alivyokuwa akimwita kwa utani. Hakuwa amemtia machoni tangu mama yake alipofungasha vitu na kuondoka. Alituma majirani, wakarudi na majibu makavu. Alikwenda mwenyewe akasimama nje ya geti la shule, akafukuzwa na mlinzi kama mwizi wa kuku. Kila jioni alipiga magoti kando ya cherehani na kumwomba Mungu amfungulie mlango, japo mmoja. Mungu hakumtumia malaika. Alimtumia tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme: darasa hili lilikuwa wazi kwa mtu yeyote.

Mtoto aliinua uso. "Bibi!"

"Chora," mama yake alimkatiza. Kisha akamgeukia mgeni, akacheka kwa pua. "Haya. Kaa kule dirishani. Na unisikilize, maana sheria za darasa hili hazina shangazi wala mjomba. Chaki ikiwa mkononi mwangu, tunaongea Kiswahili, tunaelezana. Nikiiweka chini, ni Kiingereza tu, ninyi na mimi. Atakayeteleza, hata kwa neno moja, anatoka nje, anafunga mlango, anasimama huko mpaka aitwe na yule mwenye zamu ya kusema."

"Na mtoto?"

"Mtoto si mwanafunzi mwenzako. Chaki ikiwa mkononi, usimtupie hata salamu. Ikiwa chini..." Alimpandisha macho na kumshusha. "Ikiwa chini, msemeshe. Ukiweza."

Darasa liliguna. Muuza nyama, aliyekaa mbele na mikono yake minene juu ya dawati, aligeuka kumtazama mgeni. Msusi aliyekaa kando yake alisahau kutafuna bazoka yake.

"Nimesikia," Mama Pazia alisema, akivuta kiti. "Na hawa wote wamesikia."

*

Uadui wa wale wawili ulikuwa na umri, na ulizaliwa ndani ya nyumba moja.

Mwalimu alipoolewa, yeye na mumewe walikaa kwa mama mkwe. Chumba kikubwa kiligawanywa kwa pazia, na Mama Pazia ndiye aliyelishona, kwa kuwa kushona mapazia ndiyo kazi yake. Lilikuwa pazia zito, lenye bitana, lililoshonwa kwa uzi wa kahawia, na kila aliyeliona alilisifu. Lakini pazia si ukuta. Kilichonong'onwa usiku upande mmoja kilijibiwa asubuhi upande wa pili. Mke akimnong'oneza mumewe kwamba uji una chumvi, kulipokucha aliambiwa, "Leo jipikie, mwenzangu, mie mkono wangu mzito." Akinong'ona kwamba anatamani kusoma masomo ya jioni, birika halijachemka anasikia, "Mke akienda shule jioni, mume atakula nini? Kamusi?"

Mwishowe mume aliwachoka wote wawili. Alimfuata mwanamke mwingine kwenye mji wa mbali, na hakumpigia simu mke wala mama. Siku ile mkamwana alikuwa amekaa sakafuni analia, mtoto mapajani, na Mama Pazia alisimama juu yake akasema, "Mume hatoki kwenye nyumba yenye mke."

Kesho yake upande wa pili wa pazia ulikuwa mtupu; masomo aliyonyimwa, mkamwana aliyasoma kwingine mpaka akawa anayafundisha.

*

Masomo yenyewe yalikuwa ya vineno vidogo. Mwalimu alisema kuwa maneno makubwa mtu atayakuta kwenye kamusi, lakini vineno hivi vidogo ndivyo vinavyomwaibisha mtu mzima mbele za watu.

"Sisi tunasema 'juu ya' na tumemaliza," alieleza, chaki mkononi. "Wenzetu hapo wanachagua. Kitabu kimelala juu ya meza, kinaigusa: 'on'. Kitambaa kimeifunika meza yote: 'over'. Taa ipo huko juu, haigusi wala haifuniki: 'above'."

"Kwa hiyo nzi akiwa juu ya nyama yangu naye ana neno lake?" aliuliza muuza nyama.

"Akitua, 'on'. Akizungukazunguka hapo juu, 'over'."

"Mie wote nawafukuza kwa neno moja."

Hata Mwalimu alicheka. Kisha macho yake yakakutana na ya Mama Pazia, na kicheko kikafa kama mshumaa uliopulizwa.

Mwalimu alimwandama Mama Pazia. Chaki ikienda chini, swali la kwanza lilikuwa lake, na la pili pia, ili asipate nafasi ya kugeukia mkeka. Mama Pazia alipojikwaa, Kiswahili kilimtoka, "Jamani!" au "Ngoja kwanza!" na kidole cha Mwalimu kikaelekea mlangoni. Alisimama nje, kwenye ukumbi wenye harufu ya rangi mbichi, akisikia sauti ya mjukuu ikicheka ndani. Siku moja alitolewa kwa sababu ya sala. Alikuwa amefumba macho akiomba kwa sauti ya chini kabla ya kujibu.

"Hata sala?" alilalamika chaki iliporudi mkononi.

"Mungu anajua lugha zote. Ongea naye kimoyomoyo."

"Zamani hukuwa na ulimi huo."

"Zamani ulimi wangu ulikuwa unasikilizwa na pazia."

Msusi alimkanyaga muuza nyama mguu ili asicheke.

Mama Pazia alijaribu na upole. Madirisha ya darasa yalikuwa matupu, jua la machweo likawachoma wanafunzi machoni, naye akasema angeyashonea mapazia kwa mikono yake, bure, kwa ajili ya Mungu.

"Pazia lako nalijua," Mwalimu alijibu. "Kwangu halining'inii hata kitambaa. Heri nichomwe na jua."

Mama Pazia alifungua daftari lake. Nyumbani alipiga magoti na kulalamika sana, maana maombi yake hayakuwa ya kupamba. Ee Mungu, alisema, mwanamke huyu amekuwa na roho ngumu. Alipofika hapo alisita, kwa sababu alisikia kama anaulizwa ni nani aliyeikaza. Hakulipenda swali hilo, akasema amina haraka na kwenda kulala.

*

Jioni moja bahati ilimwangukia. Chaki ilikuwa chini, Mwalimu anamsahihisha msusi, na mtoto alikuwa amekaa kitako anamtazama bibi yake waziwazi. Mama Pazia alinyoosha mikono, akakusanya Kiingereza chake chote.

"Come at me!" aliita kwa furaha.

Mtoto alitoa macho, kisha akaangua kicheko na kujificha nyuma ya begi lake. Mwalimu aligeuka. Aliitwaa chaki taratibu, kama mtu anayechukua kisu mezani.

"Simameni wote mtazame, hili ni somo zuri. Mama Pazia amemwambia mtoto, njoo unishambulie."

"Nimemwita aje kwangu!"

"Umesema 'at'. Mtu mwema huja 'to'. Mbwa mkali huja 'at'." Alichukua kifutio cha ubao. "Sisi tunasema kumrushia mtu, basi, msikilizaji ataona mwenyewe kama ni kheri au shari. Wao kineno kidogo tu kinakwambia nia. Muuza nyama, nakurushia, 'to'."

Kifutio kilipaa polepole, muuza nyama akakidaka na kukirudisha.

"Na hii ni 'at'."

Kifutio kilimpata Mama Pazia begani kwa kishindo, kikaacha alama nyeupe kwenye gauni la ibada. Feni tu ndiyo iliyosikika.

"Kwa 'to' unamtaka mtu apokee," Mwalimu alisema. "Kwa 'at' unamtaka aumie. Hata maneno ni hivyo hivyo. Mtu anaweza kukupazia sauti ili umsikie, na anaweza kukupazia sauti ili akuvunje. Mwingine ataishi na wewe nyumba moja miaka, na siku zote akifungua mdomo ni 'at', 'at', 'at'. Asubuhi 'at', jioni 'at'. Umeelewa, au nirudie?"

Mama Pazia aliokota kifutio. Ni kweli alitaka kukirudisha kwa nguvu ile ile, na mkono wake wa kukatia vitambaa haukosi shabaha. Alikiweka juu ya meza.

"Nimeelewa," alisema. "Na kwa leo, wewe ndiye uliyerusha."

"Kwa leo, ndiyo. Umeonja."

*

Hakuacha kuja, ingawa msusi alimshauri. "Mama yangu, utauawa na Kiingereza," alimwambia njiani. "Kwani lazima?"

"Lazima."

"Si umsubiri mtoto akue, atakutafuta mwenyewe?"

"Na mimi nitakuwa wapi akishakua? Chini ya udongo. Kwa chini ya udongo wana neno gani?"

"'Under', nadhani."

"Basi, sina haraka nalo."

Alijifunza akishona. Cherehani yenyewe ilimsaidia. Ilipokimbia juu ya kitambaa ilisema tu-tu-tu-tu, naye akasema pamoja nayo, 'to', 'to', 'to'. Wateja walidhani anazeeka vibaya. Mmoja wao, mama mwenye haraka, alitaka mapazia yake yapindwe chini siku ile ile yalipotundikwa.

"Upindo ni wa mwisho," Mama Pazia alimjibu kama alivyowajibu wote. "Kitambaa kikitundikwa kinashuka kwa uzito wake, kidogo kidogo. Ukipinda leo, wiki ijayo kinaburuzika sakafuni. Kiache kining'inie kwanza."

"Sasa nitakaa na pazia lisilo na mwisho?"

"Utakaa nalo. Halitakuuma."

*

Ikafika jioni ya mtihani wa mdomo. Mwalimu alieleza utaratibu chaki ikiwa bado mkononi: kila mwanafunzi atamchagua mtu mmoja, yeyote aliyemo chumbani, na kumpa amri tatu kwa Kiingereza. Mtu huyo atafanya kile alichoambiwa tu, asiongeze, asipunguze. Kisha akaiweka chaki chini.

Muuza nyama alimchagua msusi, akamwamuru aweke kiti nyuma ya mlango, na msusi akajibanza huko na kiti chake mpaka watu wakacheka machozi. Wengine walifuata. Zamu ya Mama Pazia ilipofika, alisimama, mkono mmoja mfukoni. Humo alikuwa na kitu kidogo alichozoea kukishika akiwa na hofu: kibiringo cha uzi.

Alionyesha mkeka kwa kidole.

"Hapana," Mwalimu alisema kwa Kiingereza.

Muuza nyama alijikohoza. Kwa Kiingereza chake cha kukatakata, kama cha buchani, alimkumbusha Mwalimu kuwa alisema yeyote aliyemo chumbani. Na mtoto, kwa macho yake, yumo chumbani. Msusi aliitikia. Wengine wakaitikia. Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja, na hakuna aliyeinamisha kichwa.

"Endelea," alisema kwa Kiingereza. Neno lilitoka limekauka.

Mtoto alikuwa amesharuka, meno yote nje.

Mama Pazia alikuwa na amri tatu, amezifanyia mazoezi mpaka cherehani ikazijua. Tembea kuelekea kwangu. Njoo kwangu. Kaa nami. Alitoa ya kwanza, "Walk towards me," na mtoto akaanza kutembea.

Kuelekea si kufika. Hilo walifundishwa, na mtoto alilijua kuliko wote. Alipofika katikati ya chumba alisimama mwenyewe, akingoja neno la kumfikisha. Na akiwa pale, aligeuza shingo akamtazama mama yake, kisha bibi yake, kisha mama yake tena.

Mtazamo ule Mama Pazia aliufahamu. Mtoto huyu alikuwa akitazama vile vile alipokuwa anatambaa, akiwa amekaa chini ya pazia, nusu huku, nusu kule, akisubiri kuona ni upande gani utaanza kufoka.

Neno 'to' lilikuwa mdomoni tayari. Alilimeza. Ee Mungu, aliomba kimoyomoyo, mbona unaniuliza tena lile swali?

Akatoa kibiringo mfukoni, akakiviringisha sakafuni mpaka miguuni kwa mtoto. Kisha akatoa amri ya pili, na haikuwa ile aliyoizoea. Alimwambia mtoto akiviringishe kwa mama yake.

Mtoto akafanya. Kibiringo kilikwenda kikiacha mstari mwembamba nyuma yake, kikagonga kiatu cha Mwalimu, kikatulia. Uzi wa kahawia.

Mwalimu aliuangalia. Hasira zilimpanda.

"Mama, usinichezee!" alipiga kelele. "Uzi huu? Uzi huu huu unaniletea mpaka hapa? Na unamtumia mtoto!"

Kisha mkono wake ukaenda mdomoni. Chaki ilikuwa mezani, imelala.

Hakuna aliyethubutu kumtoa. Mwishowe msusi, kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba radhi, alisema 'outside', yaani nje.

Mwalimu aliwatazama. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo. Alitembea hadi mlangoni, akatoka, akaufunga. Na mwenye zamu ya kusema, ambaye peke yake angeweza kumwita, alikuwa Mama Pazia.

Mtoto alikuwa katikati ya chumba. Mama yake alikuwa nje. Amri moja ilibaki. Mlango ule ungeweza kubaki umefungwa mpaka usiku, na sheria si ya Mama Pazia; aliikuta. Mtoto alimtazama kwa hamu, mguu mmoja mbele.

Mama Pazia alitazama uwazi wa chini ya mlango. Aliona ncha za viatu. Hazikutembea huku na huko. Zilikuwa zimekaribia kabisa, zimetulia, kama viatu vya mtu aliyeegemeza sikio kwenye mbao.

Aliwahi kusimama hivyo. Alikumbuka jinsi moyo unavyodunda, na jinsi mtu aliye nyuma ya pazia anavyosikia kila kitu, na kila akisikiacho ni dhidi yake. Hata kicheko. Hata kimya. Alijua kwamba akisema "Njoo kwangu" sasa, mwanamke aliye nje ataisikia amri ile maisha yake yote, kama anavyolisikia hadi leo lile neno la kwamba mume hatoki kwenye nyumba yenye mke. Atakuwa amerushiwa, na kineno chake hakitakuwa 'to'.

Kitambaa bado kinashuka, alijiambia. Usikipinde.

"Open the door," alimwambia mjukuu wake. Akarudia, na kuongeza kwamba amfungulie mama yake.

Uso wa mtoto ulisinyaa kidogo. Lakini amri ni amri, akaenda akafungua.

Mwalimu alikuwa amesimama pale pale kizingitini, sikio lake bado limeinama. Alijinyoosha, akapita bila kumtazama mtu, akachukua chaki mezani. Wote walivuta pumzi, maana Kiswahili kilikuwa kimerudi.

"Ulikuwa naye," alisema. "Nisingeweza kukufanya kitu."

"Nilikuwa naye."

"Usidhani nimekusamehe."

"Sijakuomba."

"Ndiyo maana! Ndiyo maana hatufiki popote! Hujaomba, hujawahi kuomba, umekaa humu unanikodolea macho jioni hadi jioni, na hujawahi kuomba!"

Mama Pazia alifungua mdomo. Jibu kali lilikuwapo, lenye makali pande zote mbili, na zamani lingetoka lenyewe. Alikaa nalo mpaka likapoa.

"Sijui naanzia wapi," alisema. "Kwa Kiswahili chenyewe sijui."

"Jifunze," Mwalimu alisema. "Si umesema umekuja kujifunza?"

Aliokota kibiringo, akaurudisha uzi kwa kuuzungusha kidoleni, zungusha, zungusha, akiwa amekunja uso kama mtu anayekunja kamba ya kufungia mbuzi mkaidi. Hakumrushia. Alikiweka kwenye meza, karibu na ukingo. Kisha akaiweka chaki kando yake.

Kwa Kiingereza, akitazama ubao, alimwambia Mama Pazia anaweza kukaa kando ya mtoto. Alichagua kineno chake, 'beside', akakirudia ili kieleweke: kando. Mpaka chaki itakapookotwa.

Mama Pazia alishuka mkekani kwa magoti yale yale ya kuombea. Mtoto hakungoja. Alianza kumsimulia mambo mengi kwa Kiingereza chake cha haraka, akionyesha michoro: nyumba, jua, shule, mtu mwenye miguu mirefu. Maneno makubwa yote yalimpita bibi yake kama upepo. Alikamata yale madogo tu, 'in', 'on', 'with', 'to', moja hapa, moja pale, na kwa hayo akashikilia kitambaa chote kisianguke, kama pete zinavyoshikilia pazia.

"Mtu huyu yuko wapi?" alitaka kuuliza, akakosa maneno, akamgusa tu yule mwenye miguu mirefu, kisha lile jua lililochorwa dirishani mwa nyumba isiyo na pazia.

Mtoto akamjibu kwa sentensi ndefu.

Kule mezani Mwalimu alikuwa amesimama, mkono wake karibu na chaki, vidole vinagonga mbao. Muuza nyama na msusi hawakuondoa macho kwenye vidole vile. Mama Pazia hakuvitazama. Alitazama mchoro, akaitikia kwa kichwa kwa kila alichokielewa, na kwa kila asichokielewa pia.